Daraja, Bei na Asili: Uthaminishaji wa Sarafu za Kale za Shaba kwa Kipimo cha Sheldon na Mipaka Yake katika Kata ya Masaki, Wilaya ya Kisarawe

IKISIRI

Makala hii inaeleza namna sarafu za kale za shaba zinavyopangwa katika madaraja na kukadiriwa thamani mnadani, kisha inachunguza iwapo utaratibu huo unafaa kutumiwa kwa sarafu za shaba za kata ya Masaki, wilayani Kisarawe, na maeneo jirani ya Mkoa wa Pwani. Kipimo kinachojadiliwa ni kile cha alama 1 hadi 70, kilichobuniwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za Marekani na ambacho sasa hutumiwa kwa sarafu za mataifa mengi. Makala inabainisha kwamba daraja hupima hali ya sarafu pekee, na kwamba bei ya mnada huongozwa pia na uhaba na ushindani wa wanunuzi. Inabainisha vilevile kwamba mahali sarafu ilipopatikana na namna ilivyotumiwa, ambayo ndiyo mambo yenye uzito zaidi kwa historia ya Uzaramo, hayana nafasi katika kipimo hicho na wakati mwingine huhesabiwa kuwa kasoro. Mwishoni unapendekezwa utaratibu wa kuandika kumbukumbu ambamo asili ya sarafu hutangulia daraja, na bei hufuata mwisho.

1.0 Utangulizi

Masaki inayozungumziwa hapa ni kata ya Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani, wala si kitongoji chenye jina hilohilo katika Rasi ya Msasani jijini Dar es Salaam. Ni sehemu ya Uzaramo, nchi iliyo nyuma ya Mrima, ambayo tangu karne ya 19 ilifungamana na biashara ya bandari. Wenyeji wake walilipa kodi, waliuza mazao na walinunua mahitaji kwa sarafu zilizobadilika kila ulipobadilika utawala. Kwa sababu hiyo, sarafu ya shaba katika ukanda huu haistahili kushangaza inapoibuka katika shamba, katika kuta za nyumba ya udongo iliyobomoka au katika kasha la marehemu bibi.

Linalostahili kushughulikiwa ni kile kinachofuata baada ya sarafu kuibuka. Mwenye nayo huuliza swali moja: ina thamani gani? Jibu hutafutwa kwa haraka, mara nyingi kutoka kwa watu wenye masilahi katika jibu lenyewe. Katika sehemu nyingi za Tanzania huvumishwa habari za utajiri uliofichwa ndani ya rupia ya Mjerumani, na uvumi huo huwafaidi matapeli kuliko wenye sarafu. Upande wa pili, mwenye sarafu akibahatika kufikia orodha za minada ya nje, hukutana na madaraja na namba ambazo hazielezwi kwa Kiswahili, naye hudhani namba kubwa ya bei iliyoandikwa pale ni ya sarafu yake pia.

Makala hii inashughulikia pengo hilo. Hoja yake ni kwamba daraja ni jibu sahihi kwa swali dogo. Likichukuliwa kuwa jibu la swali zima la thamani, huipotosha bei na huifuta historia.

2.0 Shaba katika Mzunguko wa Fedha wa Pwani

Lugha ya Kiswahili ni shahidi wa kwanza katika jambo hili. Neno fedha asili yake ni jina la madini meupe, lakini maneno matatu ya kawaida ya kutaja fedha ya matumizi, yaani fulusi, pesa na hela, yote yalikuwa majina ya sarafu ndogo za shaba au bronzi kabla ya kupanuka maana. Fulusi limetokana na neno la Kiarabu la sarafu za shaba. Pesa limetokana na paisa ya India. Hela ni Heller ya Wajerumani. Riali na rupia za fedha zilitumika katika biashara kubwa, ilhali ununuzi wa chumvi, kitoweo au tumbaku ulifanyika kwa shaba.

Sarafu za shaba za kale zaidi za pwani hii zinazofahamika vema ni fulusi za Kilwa. Miongoni mwake zimo zenye majina ya Ali bin al-Hasan na al-Hasan bin Sulaiman, mtawala wa karne ya 14 anayehusishwa na ujenzi wa Husuni Kubwa. Fulusi hizi hazina tarehe. Upande mmoja una jina la mtawala, na upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, pande mbili zikikamilishana kwa vina. Kutokuwepo kwa tarehe kunaifanya tabaka la udongo ambamo fulusi imelala kuwa ushahidi mkubwa wa umri wake, jambo litakalorejewa katika sehemu ya 6.0.

Kwa ukanda wa Masaki, hata hivyo, sarafu zinazotarajiwa zaidi ni za nyakati za karibu. Kundi la kwanza ni pesa za Sayyid Barghash bin Said wa Zanzibar, zenye picha ya mizani na tarehe za Hijria 1299 na 1304, sawa na 1882 na 1887 hivi. Kundi la pili ni pesa za Kampuni ya Ujerumani ya Afrika Mashariki za mwaka 1890 hadi 1892. Hizi zina tai wa Kijerumani upande mmoja na maandishi ya Kiarabu pamoja na tarehe ya Hijria upande wa pili. Dola iliyotaka kutawala Mrima ililazimika kuandika kwa hati iliyosomwa Mrima. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Kundi la tatu lilianza mwaka 1904, rupia ilipogawanywa katika hela 100. Zilipigwa hela za bronzi zenye taji upande mmoja na thamani ndani ya shada upande wa pili, pamoja na herufi ya kiwanda, A kwa Berlin na J kwa Hamburg. Kundi la nne ni sarafu za dharura zilizopigwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, zenye herufi T. Hela 20 za huko zilitengenezwa kwa shaba na kwa shaba ya njano. Baada ya vita zilikuja senti za bronzi za Waingereza, ambazo zilitobolewa katikati kiwandani.

Uzito wa sarafu hizi katika maisha ya watu unaonekana katika kodi. Kodi ya kibanda iliyoanza kutozwa mwaka 1898 ilikuwa rupia 3 kwa kibanda. Kwa hesabu ya wakati ule, kiasi hicho kilikuwa sawa na pesa 192, na baada ya 1904 sawa na hela 300. Ikizingatiwa kwamba pesa moja ilikuwa na uzito wa gramu 6 hivi, kodi ya kibanda kimoja ilikuwa zaidi ya kilo moja ya shaba. Pesa iliyolika hadi tai wake haonekani si sarafu mbovu tu, bali ni chombo kilichopita katika mikono mingi iliyokuwa ikitafuta rupia 3.

3.0 Kipimo cha Sheldon: Chimbuko na Mantiki

Senti kubwa za Marekani zilipigwa Philadelphia kuanzia mwaka 1793 hadi 1857. Ni kipindi ambacho sehemu yake ya mwisho iliunganisha nchi hiyo na Mrima: mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na merikebu za Salem, Massachusetts, zikawa zikileta kitambaa kilichobaki na jina la merikani na kuondoka na sandarusi iliyochimbwa katika nchi za nyuma ya pwani, Uzaramo ikiwamo. Senti hizo hazikuwa fedha ya biashara hiyo. Zinahusika hapa kwa sababu nyingine: wakusanyaji wake ndio waliobuni lugha ambayo leo hutumiwa kupima shaba ya nchi zote, ya Kisarawe pia.

Senti za miaka ya mwanzo zilipigwa kwa mihuri iliyochongwa kwa mkono. Kila muhuri ulitofautiana na mwenziwe kwa nafasi ya herufi, umbo la jani au mpangilio wa nywele za sanamu, na mkusanyaji mwenye jicho kali aliweza kutambua aina nyingi za senti za mwaka mmoja. William Sheldon, ambaye taaluma yake ilikuwa saikolojia, alizipanga aina hizo katika kitabu chake cha mwaka 1949 na kuzipa namba. Katika kitabu hichohicho alipendekeza kipimo cha hali kinachoanzia 1 na kuishia 70.

Mantiki yake ilikuwa ya kibei. Sheldon aliona kwamba senti ya mwaka 1794 iliyochakaa kabisa, inayotambulika kwa shida, ikiuzwa dola 1, basi iliyo bora kabisa huuzwa kama dola 70. Hivyo kila aina ya senti ilipewa thamani ya msingi, na bei ikawa ni thamani hiyo mara alama ya hali. Kwa mfano, senti yenye thamani ya msingi ya dola 2 na hali ya 20 ilikadiriwa kuwa dola 40. Alama hazikukusudiwa kuwa asilimia wala cheo, zilikuwa kizidisho.

Kizidisho hicho hakikudumu. Bei za sarafu zenye hali bora zilipanda kwa kasi kuliko za sarafu zilizochakaa, uwiano wa 1 kwa 70 ukavunjika, na hesabu ya Sheldon ikaachwa. Namba zenyewe zilibaki. Katika miaka ya 1970 Chama cha Wanasarafu cha Marekani kilizikubali kwa sarafu za aina zote, na kampuni za kupanga madaraja kwa malipo zilizoanzishwa katika miaka ya 1980 zikazieneza duniani, kila sarafu ikifungiwa katika kibweta cha plastiki chenye namba yake. Ni muhimu kwa mtafiti kukumbuka asili hii. Namba inayoonekana leo kuwa kipimo cha kisayansi ilianza kama mlingano wa bei za soko moja, la aina moja ya sarafu, na mlingano huo ulikwishashindwa.

4.0 Hatua za Kuipa Sarafu ya Shaba Daraja

4.1 Utambuzi

Hatua ya kwanza ni kujua sarafu ni ipi: mtawala au dola, thamani, tarehe, herufi ya kiwanda, uzito, kipenyo na, inapobidi, aina ya muhuri. Hela 20 za Tabora, kwa mfano, hutofautishwa kwa ukubwa wa taji na kwa umbo la mapambo ya upande wa thamani, kwa namna inayokaribiana na ile ya Sheldon kwa senti. Utambuzi hufichua pia bandia. Sarafu iliyomiminwa katika kalibu badala ya kupigwa kwa muhuri huwa na uso wenye vinyweleo, herufi butu na mara nyingine mshono ukingoni, na uzito wake haulingani na wa halali.

4.2 Uchakavu

Sarafu hulika kwanza pale palipochomoza zaidi. Kwa pesa ya mwaka 1890 hadi 1892 hutazamwa kifua cha tai na taji lililo juu yake. Kwa hela, hutazamwa taji. Mpimaji hulinganisha kilichobaki na kilichopaswa kuwepo, kisha hutoa alama ya awali. Majina yanayoambatana na alama hizo yana udanganyifu wake, kwa kuwa ni lugha ya wauzaji. Daraja la 4 huitwa Nzuri, ingawa sarafu yake imelika hadi kubaki umbo la jumla tu. Daraja la 12 ni Safi, la 20 ni Safi Sana, la 40 ni Safi Mno, la 50 ni Karibu Mpya, na kuanzia 60 ni sarafu ambayo haikuingia katika mzunguko. Mwenye sarafu anayeambiwa kuwa yake ni Nzuri anapaswa kufahamu kwamba ameambiwa iko karibu na mwisho wa ngazi.

Tahadhari moja ni ya lazima hapa. Muhuri uliochoka au pigo hafifu huacha sehemu zisizo na michoro hata kwenye sarafu isiyowahi kutumika. Kulika hulainisha na kung'arisha. Pigo hafifu huacha uso wenye asili yake. Tofauti hii huonekana kwa kuinamisha sarafu chini ya mwanga wa upande mmoja.

4.3 Uso na rangi

Hapa ndipo shaba inapotofautiana na dhahabu na fedha. Shaba huathiriwa na hewa, jasho, chumvi na udongo. Shaba mpya ni nyekundu ya kung'aa. Baada ya miaka hujifunika utando wa kahawia, ambao ukiwa laini na sawasawa huilinda sarafu na hupendwa na wakusanyaji. Kampuni za madaraja hutofautisha shaba nyekundu, shaba mchanganyiko na shaba ya kahawia, na katika madaraja ya juu tofauti hiyo peke yake inaweza kubadilisha bei kwa kiasi kikubwa.

Katika udongo wenye chumvi, shaba hushambuliwa na kloridi. Dalili yake ni unga wa kijani mwepesi unaorudi kila unapofutwa, huku sarafu ikiliwa mashimo. Ukungu huo haupaswi kuchanganywa na utando mgumu wa kijani uliotulia, ambao hauli tena metali.

Kasoro kubwa zaidi hutokana na usafi. Desturi ya kusugua vyombo vya shaba kwa ndimu, ukwaju au majivu ni ya miaka mingi katika nyumba za pwani, nayo inafaa kwa sufuria na sinia. Ikitumiwa kwa sarafu, asidi huondoa utando wa kahawia na safu nyembamba ya metali pamoja nao, na majivu au mchanga huacha mikwaruzo. Sarafu hutoka ikiwa na rangi ya waridi isiyo ya asili. Kwa macho ya mwenye nayo imependeza; kwa macho ya mpimaji imeharibika, na hakuna njia ya kuirudisha.

4.4 Daraja la michoro na daraja halisi

Wakusanyaji wa shaba za awali za Marekani, ambao chama chao kiliundwa mwaka 1967, hutoa alama mbili. Ya kwanza ni ya ukali wa michoro, bila kujali kasoro. Ya pili ni daraja halisi, linalopatikana kwa kupunguza alama kwa kila kasoro: mashimo ya kutu, mikwaruzo, kupinda, kutobolewa au kusafishwa.

Mfano wa kubuni utafafanua. Chukulia pesa mbili za mwaka 1891. Ya kwanza ina tai anayeonekana vema, ikapewa 30 kwa michoro. Lakini imesuguliwa kwa ndimu na ina mikwaruzo pande zote, hivyo daraja lake halisi linashuka hadi 10 au chini ya hapo. Ya pili imelika zaidi, michoro yake ni 15, lakini uso wake ni wa kahawia laini usioguswa, na daraja lake halisi linabaki 15. Mnunuzi mjuzi ataichukua ya pili, ingawa mgeni wa fani angeichagua ya kwanza kwa mng'aro wake. Faida ya mfumo wa alama mbili kwa utafiti ni kwamba hauifichi hukumu: msomaji anaona kilichokuwepo na kilichopunguzwa.

5.0 Kutoka Daraja hadi Bei

Daraja halijawa bei. Jambo la pili linaloingia ni uhaba, ambao kwa senti za awali hupimwa kwa ngazi nane. Ngazi ya kwanza ni ya aina ambazo nakala zake zinazojulikana zinazidi 1,250. Ngazi ya nane ni ya zile ambazo nakala zake ni 1 hadi 3 tu. Uhaba unaweza kulishinda daraja. Senti ya mwaka 1793 inayojulikana kwa picha ya tawi lenye majani yanayofanana na ya stroberi ina nakala nne tu zinazofahamika, zote zikiwa zimechakaa. Moja kati ya hizo iliuzwa mnadani mwaka 2004 kwa dola 414,000, na mwaka 2009 ikauzwa tena kwa dola 862,500. Hali yake ingekuwa ya senti ya kawaida, isingefikia hata sehemu ndogo ya bei hiyo.

Uhaba nao unahitaji kueleweka vizuri. Sarafu kuwa ya kale hakuifanyi kuwa haba. Pesa na hela za bronzi zilipigwa kwa wingi kwa sababu zilikusudiwa kutumika na kila mtu, na nyingi zimesalia. Dhahabu ya Tabora ya rupia 15 yenye picha ya tembo ilipigwa nakala 16,198 tu, nayo ndiyo inayochochea uvumi mwingi kuhusu fedha za Mjerumani. Lakini bei yake haiwezi kuhamishiwa kwenye hela 20 za shaba, hata kama zote zilipigwa mwaka uleule na mahali palepale.

Jambo la tatu ni mnada wenyewe. Bei ya mnada huamuliwa na watu wawili: mshindi, na yule wa mwisho kumwachia. Wakusanyaji wawili wanaoitafuta aina ileile wakikutana, bei hupaa; asipokuwepo mmoja wao, sarafu ileile huondoka kwa bei ya chini. Juu ya bei iliyogongewa nyundo huongezwa ada ya mnunuzi, na kwa muuzaji hukatwa ushuru wa dalali, kwa hiyo kiasi kinachochapishwa sicho kinachomfikia mwenye sarafu. Orodha ya bei za minada iliyopita ni kumbukumbu ya matukio, kila tukio na siku yake. Mthamini makini hukusanya mauzo kadhaa ya sarafu ya aina na hali ileile, huyaandika pamoja na tarehe zake, na hutoa kadirio la chini na la juu badala ya bei moja.

6.0 Yale Ambayo Daraja Halipimi

Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa katika kisiwa kimojawapo cha Wessel, kaskazini mwa Australia. Alizihifadhi katika kopo kwa miaka mingi, hadi mwaka 1979 alipozipeleka zitambuliwe. Nne zilikuwa za Waholanzi; tano zilikuwa fulusi za Kilwa. Kwa kipimo cha Sheldon zingekuwa karibu na mwanzo wa ngazi, kwa kuwa zimelika na kuliwa na kutu. Hata hivyo, zimezua mjadala mkubwa kuhusu safari za Bahari ya Hindi kuliko fulusi nyingi zilizo na maandishi kamili. Thamani yake yote ya kielimu imo katika jambo moja: Isenberg aliweka alama kwenye ramani kuonyesha alipoziokota. Bila ramani hiyo, zingekuwa fulusi tano mbovu. Ndivyo ilivyo pia kwa fulusi ya al-Hasan bin Sulaiman iliyopatikana Zimbabwe Kuu: inazungumza kuhusu njia ya dhahabu kati ya Kilwa na nyanda za ndani kwa sababu ilipatikana pale, si kwa sababu ya uzuri wake.

Mfano wa pili ni wa tundu. Katika Afrika Mashariki sarafu nyingi zilitobolewa na watumiaji ili zivaliwe shingoni, zishonwe katika nguo au zitundikwe na hirizi. Mpimaji wa mnada hupunguza alama kwa tundu hilo, na mara nyingi hukataa kabisa kutoa daraja. Kwa mtafiti wa utamaduni wa Wazaramo, tundu ndilo sehemu yenye habari nyingi zaidi: linaonyesha kwamba sarafu iliacha kuwa fedha ikawa pambo au kinga. Ni lazima tu kulitofautisha na tundu la kiwandani la hela 5 na 10 za mchanganyiko wa shaba na nikeli, au la senti za Waingereza, ambalo liko katikati kabisa na lina kingo safi. Kasoro katika orodha ya mnada inaweza kuwa ushahidi katika tasnifu.

Mfano wa tatu unamhusu Sheldon mwenyewe. Baada ya kifo chake mwaka 1977 ilibainika kwamba alikuwa amechukua senti bora za Jumuiya ya Wanasarafu ya Marekani huko New York na kuweka zake za hali duni mahali pake. Shauri la kuzirejesha lilifika mahakamani katika jimbo la California, na Jumuiya ikashinda. Kilichowezesha udanganyifu huo kugunduliwa si madaraja, kwani sarafu mbili zinaweza kuwa na daraja moja. Ni picha na kumbukumbu za maandishi zilizofanywa kabla, zilizoonyesha kila alama na kovu la kila senti. Kumbukumbu za asili zilifanya kazi ambayo kipimo chake hakikuweza kuifanya.

Upo pia upande wa sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa vitu vinavyohesabiwa kuwa malikale, na inamtaka anayevumbua kitu cha namna hiyo kutoa taarifa kwa mamlaka. Uchimbaji na usafirishaji nje vinahitaji kibali. Fulusi ya Kilwa inaangukia moja kwa moja chini ya masharti hayo. Bei ya mnada wa nje kwa kitu ambacho hakiwezi kuuzwa nje kihalali si thamani yake hapa nchini, na mthamini anayeitaja bila kueleza sheria anamsukuma mwenye sarafu kwenye kosa.

7.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Kutokana na mjadala huu, unapendekezwa utaratibu ufuatao kwa watafiti na maofisa utamaduni watakaoshughulikia sarafu za Masaki na kata jirani.

(i) Asili iandikwe kwanza. Kwa sarafu iliyookotwa: kitongoji, aina ya mahali, kina na vitu vilivyokuwa pamoja nayo. Kwa sarafu ya urithi: ilitoka kwa nani hadi kwa nani, na ilitumiwa kwa kazi gani. Sarafu zilizopatikana pamoja zibaki pamoja. Mahali halisi pahifadhiwe katika kumbukumbu za makumbusho, na machapisho yataje kitongoji tu, ili yasiwe mwongozo kwa wasaka hazina.

(ii) Sarafu isisafishwe. Ishikwe ukingoni, iwekwe katika karatasi kavu, na iwekwe mbali na plastiki laini na unyevu. Yenye unga wa kijani itengwe na nyingine na ipelekwe kwa mhifadhi.

(iii) Ipimwe uzito na kipenyo, na ipigwe picha pande zote mbili pamoja na rula.

(iv) Itolewe alama mbili, ya michoro na ya daraja halisi, na kila punguzo lielezwe kwa maneno.

(v) Tundu, alama za kukatwa, kupinda kwa makusudi na mabaki ya uzi au nta viandikwe katika safu ya matumizi, si katika safu ya kasoro pekee.

(vi) Kadirio la bei, likihitajika, liwe la mwisho, liwe na tarehe, na lieleze kama sarafu inaruhusiwa kuuzwa.

Mpangilio huu hauongezi gharama. Mizani ndogo, rula na simu yenye kamera vinatosha kwa hatua nyingi. Kinachobadilika ni mfuatano, na mfuatano una matokeo yake: sarafu iliyopewa daraja kabla ya kuandikwa asili yake huweza kupewa daraja tena wakati wowote, lakini asili isiyoandikwa siku ya kwanza hufa na aliyeijua.

8.0 Hitimisho

Kipimo cha Sheldon kina manufaa. Kinaipa fani lugha ya pamoja, kinamfundisha mtu kuutazama uso wa shaba kwa makini, na kinaweza kumkinga mwenye sarafu dhidi ya dalali asiye mwaminifu. Mipaka yake inatokana na swali ambalo kiliundwa kulijibu: katika soko la wakusanyaji wa Marekani, senti hii ni bora mara ngapi kuliko ile? Sarafu za Masaki zina maswali mengine. Pesa ya mwaka 1891 inaweza kueleza kodi ililipwaje, tarehe ya Kiarabu ilisomwa na nani, na rupia ilipovunjwa katika hela watu walizifanyia nini pesa zao za zamani. Majibu hayo hayategemei kama kifua cha tai kimelika. Yanategemea kama kuna mtu aliyeuliza, kabla ya ndimu na kabla ya mnada, sarafu ilitoka wapi.